Kuku wa Kaku na noti ya dola mia

BARUA

Mama, jambo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi hapa Lubumbashi upande wa Kampemba. Nina mke na watoto wanne, wawili kati yao mapasa, yaani mapacha. Ni fundi umeme kwenye kampuni inayohudumia migodi, njia ya Likasi: wiki tatu kule, wiki moja nyumbani. Nalipwa dola 900 kwa mwezi. Kwa wenye migodi hiyo si pesa ya kuhesabu, lakini kwenye ukoo wetu mimi ndiye anayepigiwa simu mtoto akiugua.

Nianze na sababu ya safari, maana nadhani tatizo linaanzia hapo. Mara moja moja wakati wa kiangazi naona Wazungu wakipita mjini na baiskeli au pikipiki kubwa, mizigo imefungwa pande zote, wametoka kwao Ulaya wanashuka mpaka Afrika Kusini. Nikajiuliza, sisi mbona hatutembei? Kwetu ukiona mtu amepanda gari la mbali, kuna maiti, kuna harusi au kuna mzigo wa kuuza. Mimi nilitaka kutembea tu, nione nchi. Nikaweka akiba mwaka mzima. Mwezi wa tano nikachukua likizo, nikawasha pikipiki yangu, nikashika njia ya Kasomeno kwenda Kilwa na Pweto, nikalione Ziwa Mweru kwa macho yangu.

Siku ya kwanza nilikutana na watu wa makala. Mama unawajua, kila mtu wa Lubumbashi anawajua. Lakini huku mjini tunawaona wakiwa wameshafika. Mimi niliwakuta zaidi ya kilomita 50 kabla ya mji, wanasukuma kinga, yaani baiskeli, zenye magunia matatu. Mtu hapandi, anasukuma, fimbo imefungwa kwenye usukani ili mkono ufike. Mmoja alikuwa amekaa pembeni anashona ndala yake kwa waya. Akaniomba maji, nikampa chupa. Akaniuliza nakwenda wapi, nikasema natembea tu. "Unatafuta nini?" Nikasema sitafuti kitu. Akanitazama, akaitazama pikipiki, akacheka kidogo, kwa heshima kabisa, akasema: "Sawa, muzungu."

Mama, mimi ni mweusi kama chungu. Babu yangu alizaliwa Mitwaba. Neno hilo lilinifuata njia nzima. Kijiji baada ya kijiji watu waliuliza mimi ni wa kampuni gani, nimekuja kupima mawe ya nani.

Jioni ya siku ya pili mpira wa nyuma ulipasuka. Nilikokota pikipiki mpaka nyumba ya kwanza. Alikuwapo Kaku mmoja, yaani bibi mzee, na wajukuu wawili, mvulana wa miaka kama 17 na dada yake wa kama tisa. Kijana aliubeba mpira wangu begani, akaenda kwa miguu kijiji cha mbele kutafuta wa kuuziba. Kaku akanitandikia mkeka. Nikiwa nimekaa, nikasikia kuku akilia mara moja tu. Nilipogeuka niliona kamba ya mpira imebaki imefungwa kwenye nguzo ya jiko. Hapakuwa na kuku mwingine uani.

Nililetewa bukari, ndiyo ugali, na bakuli zima la kuku, firigisi juu. Wao walikula sombe, majani ya muhogo, pembeni. Nilipowaita tule pamoja Kaku alisema, "Mgeni anakula." Nilikula. Yule msichana akaja kuchukua sahani, akaenda nayo nyuma ya nyumba. Baadaye nilizunguka huko kujisaidia, nikamkuta na kaka yake, aliyekuwa amerudi, wanatafuna mifupa niliyoiacha. Walikuwa wakiinyonya polepole, bila kelele, ili nisisikie.

Sikulala. Asubuhi Kaku alikwenda shambani mapema. Kijana nilimpa franka 10,000 na namba yangu ya simu. Halafu nikaweka noti ya dola mia chini ya sahani, nikaondoka kabla Kaku hajarudi. Ukweli ni kwamba nilikimbia.

Ziwa nililiona. Ni zuri. Lakini sikumbuki sana uzuri wake, nakumbuka kwamba siku moja kabla, huko njiani, nilibishana na mama muuza samaki mpaka akashuka kutoka 8,000 hadi 5,000, kwa mazoea tu ya soko la Kenya, lile la hapa Lubumbashi, na nilikuwa najiona mjanja.

Miezi miwili baadaye kijana yule akanipigia. Kaku aliikunja noti mara nne, akaichomeka kwenye nyasi za paa. Walipoitoa ilikuwa imepasuka kidogo kwenye mkunjo. Kijana alipanda lori kwenda kuibadilisha. Kambisti (mbadilisha pesa) wa kwanza akakataa, wa pili akakataa, wa tatu akasema atatoa dola 30. Kisha watu wenye sare wakamuuliza mtoto wa kijijini ametoa wapi dola mia. Alilala ndani usiku mmoja, mpaka chifu alipokwenda kumsemea. Nauli na kila kitu kilichofuata wamekopa. Sasa Kaku ana deni kwa sababu yangu.

Kuanzia hapo namba yangu ilisambaa. Kuna namba 14 nisizozijua zinazonibipu: karo, dawa, mabati, mbolea. Mke wangu amechoka. Ananiambia, "Unanunua usingizi wako kwa pesa ya mapasa." Na mimi kiangazi kijacho nilikuwa na mpango wa safari kubwa zaidi: Kasumbalesa, Zambia, Malawi, mpaka Nacala huko Msumbiji nione bahari. Sasa naona aibu hata kuitaja. Je, nina deni gani kwa watu hawa? Niwajibu wale 14? Na mtu kama mimi ana haki ya kutembea kwa kutembea tu, katika nchi ambazo watu wananyonya mifupa?

Baba Mapasa, Kampemba


JIBU

Baba Mapasa, jambo sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa karibu na mbabula, jiko la makala, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na makala yaliyokuwa yanawaka pale yaliletwa na mtu kama yule uliyempa maji. Nitarudi kwake. Kwanza tumalize la haraka, kwa sababu wakati wewe unaulizia haki ya kutembea, Kaku anadaiwa nauli.

Noti ile ni kosa lako, mwanangu, na nakuambia bila kuzunguka. Wewe ni mtoto wa Lubumbashi. Unajua kambisti anavyoishika dola: anaiinua juani, anapitisha kidole pembeni zote nne, na akikuta mpasuko mdogo kama punje ya mchele anakurudishia. Sisi wa mjini tunazitunza ndani ya daftari kama vyeti vya ubatizo. Kaku angejuaje? Kwake kitu cha thamani kinakunjwa na kufichwa paani, na paa lake limetunza mbegu na hati miaka yote bila shida. Ulimpa kitu ambacho kwa mkono wake hakitumiki, katika kijiji ambacho hakuna wa kukibadilisha, na hukumwachia neno moja la kusema kimetoka wapi. Lile neno lingemwokoa kijana usiku ule. Kama ungeaga mbele ya chifu, ukasema, "Nimelala kwa Kaku, nimekula kwake, namwachia hiki," kijiji kizima kingekuwa shahidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie kijana leo, omba uzungumze na Kaku mwenyewe. Muulize anadaiwa na nani, kiasi gani. Deni la nauli na la usiku ule lilipe lote, kwa pesa ya simu kama karibu nao kuna wakala mwenye fedha mkononi, la sivyo kwa dereva wa lori unayemwamini. Noti iliyochanika waambie wakurudishie. Ukiibadilisha huku kwa hasara, hasara hiyo ni yako. Na thamani ya dola mia kamili wapelekee kwa franka. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya 20,000, kwa hiyo litakuwa bunda, na bunda la franka linaeleweka kila mahali: linagawanyika, linalipa chumvi, halimtii mtu mashaka.

Sasa nikuambie kilichoniuma. Ulisema ulikimbia. Mimi najua upande wa pili wa kukimbia huko.

Baba yangu alikuwa mtu wa kampuni. Nilikua katika nyumba ambayo unga ulikuja kwa gunia kila mwezi, na jamaa kutoka vijijini walikuja kukaa kwetu majuma mazima. Halafu kampuni ikapunguza watu, baba akawa mmoja wao, akangoja malipo yake miaka. Siku moja akaja ndugu yetu aliyekuwa amefanikiwa nje. Tulimpikia tulichokuwa nacho. Nilimwona akitazama chungu, akitazama ukuta uliokuwa na rangi ya zamani, akitazama viatu vya mdogo wangu. Alitoka nje mara mbili, tukajua anakwenda kufuta machozi. Alipoondoka tulikuta pesa ndani ya mfuko wa shati la baba lililokuwa limetundikwa mlangoni. Ilikuwa pesa nyingi, na tuliihitaji sana. Baba hakuigusa siku mbili. Siku ya tatu mama akaichukua, akaenda sokoni, na baba akala kimya. Miaka mingi baadaye aliniambia: "Yule mtoto hakuniuliza hata habari moja." Baba alikuwa amefanya kazi miaka 26 kwenye mitambo, alikuwa na hadithi za kuwakesha watu, na mgeni wake alikuwa ameona chungu tu.

Sisemi pesa ile ilikuwa mbaya. Ilitulisha. Nasema tulitazamwa kama msiba, na sisi tulikuwa tumeandaa chakula cha ugeni. Kaku alikuchinjia kuku wake kwa sababu kwake mtu anayefika jioni na mpira uliopasuka ni mgeni, na katika umaskini wote ule bado yeye ni mwenye nyumba, anaweza kukupa firigisi na kukataza watoto wasikae kwenye sinia lako. Ndiyo maana walinyonya mifupa nyuma ya nyumba, kimya. Walikuwa wakilinda heshima ya bibi yao. Wewe ulipoona mifupa, hukumwona tena mwenyeji. Ukaona njaa, ukaona aibu yako, ukaweka dola mia juu ya vyote viwili na kuwasha pikipiki.

Kwa hiyo deni la kwanza si la pesa. Ni la kurudi. Nenda tena kwa Kaku, kabla mvua za mwezi wa 11 hazijaharibu njia. Fika mchana, pitia kwa chifu kwanza. Nenda na mke wako kama inawezekana, maana nadhani akimwona Kaku hatazungumza tena vile, na Kaku akimwona mkeo atajua wewe ni mtu wa nyumba fulani, mwenye kwao. Mbebee mitetea miwili na jogoo. Kaeni, muulize ametoka ukoo gani, aliolewa wapi, wazazi wa wale watoto wako wapi. Nimejiuliza swali hilo tangu nisome barua yako, nawe uliyelala pale hukuliuliza.

Na yule kijana aliyebeba mpira begani usiku? Huyo umempita haraka sana katika barua. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure tangu 2019, hivyo dada yake ana mlango, ingawa bado kuna daftari na sare. Lakini mvulana wa miaka 17 yuko kwenye umri wa sekondari, na huko ndiko karo inakowaangusha. Kama utaamua kumsaidia mtu mmoja tu kwa muda mrefu, anza kwa kumuuliza yeye anataka nini. Usimwahidi kabla hujaketi na mama wa mapasa na kuona mnachoweza kutoa kila muhula bila kukosa. Ahadi ya dola mia inayokatika ni mbaya kuliko dola kumi zinazofika kila mara.

Wale 14 sasa. Hukula chakula chao, hukulala kwao, hawakubeba mpira wako. Huna deni nao la namna hiyo. Wajibu mara moja kwa heshima, kwa ujumbe mmoja: jina lako, kwamba umesikia, kwamba huna uwezo wa kusaidia kila mmoja. Anayebaki kimya akibipiwa hufundisha watu kubipu zaidi. Usiwaone waongo wala usiwaone wezi. Mtu ambaye simu yake ina franka 200 tu, akasikia kuna mtu huko Lubumbashi aliyeacha dola mia chini ya sahani, angekuwa mjinga kama asingejaribu.

Mkeo amesema kweli nusu. Pesa ya mapasa ni ya mapasa, na mwanamume anayetoa huko njiani bila kumwambia mke anatoa kisichokuwa chake peke yake. Mwombe msamaha kwa hilo. Lakini usingizi wako hukuununua, bado hulali, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Rudi kwa yule mtu wa makala. Umelala macho kwa ajili ya mifupa ya kuku, lakini mtu huyu umemtaja na kumwacha na ndala yake, umebaki na neno lake tu. Mwanangu, wewe ni fundi umeme. Niambie mimi, kwa nini Lubumbashi inapikia makala? Katika Katanga hii yetu kuna mabwawa tangu enzi za Mbelgiji: Mwadingusha na Koni kwenye mto Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba. Tangu miaka ya 1980 kuna waya unaotoka Inga, bwawa kubwa la magharibi ya nchi, mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, unapita juu ya vijiji visivyo na taa hata moja, kwa sababu ulijengwa kuipa migodi nguvu. Umeme mwingi wa Katanga unaliwa na migodi, na wewe unaijua mitambo hiyo kwa majina, mikono yako ndiyo inayoihudumia. Kinachobaki kinafika mtaani kwa saa chache, au hakifiki. Basi mama wa Kampemba anawasha mbabula, miti ya miombo inakatwa mbali zaidi kila mwaka, na mtu anasukuma magunia matatu kwa kilomita 50.

Alipokuita muzungu, mimi sidhani alizungumzia ngozi. Kwetu neno hilo limezoea kumfuata yeyote anayeonekana kushikwa na mkono wa kampuni. Alikuwa anakusoma: pikipiki nzima, viatu vizima, hakuna mzigo, hana haraka. Na alikusoma sawa. Wewe na yeye mko kwenye ncha mbili za waya mmoja. Kitu kinachokupa wewe dola 900 ndicho kinachomnyima jiji lake umeme, na kukosekana kwa umeme ndiko kunakompa yeye kazi ya kusukuma. Sisemi uache kazi. Watoto wanne watakula nini? Nasema usijione kama mtazamaji aliyepita kwenye njia ya watu wengine, maana huko ni kujidanganya, na nadhani usingizi unakataa kwa sababu moyo wako unajua.

Mtu wa ndani anaweza kufanya mambo ambayo mpita njia hawezi. Sheria ya Migodi ilirekebishwa 2018. Inasema mrabaha unaolipwa na kampuni ugawanywe hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 eneo lenyewe ambamo mgodi uko, yaani komini, sekta au himaya ya chifu, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kampuni inatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji, na kuandika ahadi zake nao. Wakaaji wengi hawajawahi kuona karatasi ya ahadi hizo. Wewe unaingia getini kila siku. Unajua nani wa kuulizwa. Kuna vyama vya raia hapa Lubumbashi, kuna mapadri na wanasheria wanaofuatilia hesabu hizi, na wanakosa watu wanaoelewa mitambo, wanaoweza kusema zahanati hii ingehitaji transfoma ya aina gani na ingegharimu kiasi gani. Wiki moja uliyo nyumbani ina siku saba. Wape siku moja. Jilinde, usibebe siri za kazini, lakini sheria na ahadi si siri za kazini.

Kama unaona hilo ni kubwa, anza na dogo: ukinunua makala njiani, lipa bei anayotaja msukumaji. Usimkate, usiombe matabishi, ile nyongeza ya bure. Soko la Kenya ni mahali pengine, mama wa pale ana mdomo wa kujitetea na wateja mia wengine, kubishana naye ni mazungumzo. Yule wa samaki alishuka kutoka 8,000 hadi 5,000 kwa sababu pengine wewe ndiye uliyekuwa mteja pekee siku hiyo.

Sasa Nacala.

Nenda, mwanangu. Nimefikiri sana juu ya neno lako "kutembea kwa kutembea tu". Ni kweli, mtu anayeweza kusafiri bila maiti wala mzigo ni tajiri, hata kama mfukoni ana kidogo, na Wazungu wale wa baiskeli ni matajiri hata wanapolala kwenye hema na kula mkate mkavu. Lakini sitaki watoto wa Katanga waambiwe kwamba kuona ulimwengu ni kazi ya wengine, na kwamba sisi ni wa kuonwa. Kiswahili chenyewe kinatusaidia hapa: kutembea ni kwenda, na kumtembelea mtu ni kwenda kumwona. Tembea ukiwatembelea. Ukiulizwa unatafuta nini usijibu "sitafuti kitu", jibu hilo linatisha, linafanana na jibu la mtu wa kupima mawe. Sema, "Nimetoka Lubumbashi, nina mapasa nyumbani, nataka kuona bahari niwasimulie." Hakuna kijiji kuanzia hapa mpaka Msumbiji kitakachoshindwa kuelewa baba anayetaka kuwasimulia watoto.

Upande wa Copperbelt, kwenye shaba ya Zambia, Kibemba chako cha mtaani kitakufikisha, Chililabombwe, Chingola, Kitwe, mpaka Kapiri Mposhi. Ukipita Lusaka kwenda Chipata anza kujifunza Kinyanja, angalau salamu na asante, kwa sababu ukivuka mpaka wa Mchinji utakikuta tena karibu Malawi nzima. Malawi ni miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, kama yetu, lakini haina shaba na kobalti ya kukuchanganya macho. Utaona mashamba madogo ya mahindi yamebanana mpaka ukingo wa barabara. Huko hutakuwa mtoto wa Mitwaba, utakuwa Mkongomani mwenye dola, na watu watakuuliza kuhusu madini na vita kana kwamba vyote viko uani kwako. Badilisha pesa mpakani kwa noti ndogo, kwacha ya Zambia kisha kwacha ya Malawi, maana jina ni moja lakini fedha ni mbili. Weka mafungu mawili, la safari na la wenyeji, na hilo la pili mkubaliane nyumbani kabla ya kutoka: kiasi fulani, kikiisha kimeisha. Beba vitu vinavyoingia jikoni bila maelezo, chumvi, sabuni, sukari, na umpe mwenye nyumba unapofika, jioni, wakati yeye bado anafikiria atakupa nini. Hapo mtakuwa mmepeana.

Na wakikuchinjia kuku, kula. Mwite mtoto wa nyumba, mpe paja kutoka kwenye bakuli lako kwa mkono wako mwenyewe. Mgeni akimpa mtoto, hakuna Kaku atakayekataa. Ungejaribu hivyo usiku ule badala ya kuwaita wote kwa pamoja, nadhani yule msichana angekula nyama.

Ukirudi kutoka kwa Kaku niandikie. Nataka kujua wazazi wa wale watoto wako wapi.